Mvuke wa Zebaki na Nuru Iufichuayo

Katika vijiji vya machimbo magharibi ya Mwanza, kama vile Rwamagasa na Nyarugusu mkoani Geita, wengi husema "moshi wa zebaki". Neno hilo lapotosha. Moshi huonekana, huwasha macho, na huacha masizi. Zebaki iliyogeuka mvuke haina rangi wala harufu, na mwenye kuivuta hana habari nayo mpaka mikono imeanza kutetemeka. Afadhali tuseme mvuke wa zebaki. Nia yetu hapa ni kueleza jinsi nuru inavyoutambua mvuke huo, na kwa nini ukuta wa chumba nao ni sehemu ya habari yake.

Zebaki, ambayo jina lake tulilipata kwa Waarabu, huchanganywa na mchanga uliosagwa katika karasha, ikashika chembe za dhahabu na kufanya bonge jeupe. Bonge huchomwa. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357 za Selsiasi, na dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1,064. Basi ya kwanza huruka, ya pili hubaki. Dukani mnunuzi huichoma tena kabla ya kuipima, maana hataki kulipia zebaki kwa bei ya dhahabu.

Kila namna ya atomi ina nuru yake ichaguayo. Atomi ya zebaki iliyo huru hewani humeza nuru ambayo urefu wa wimbi lake ni nanomita 253.7, isiyoonekana kwa macho. Taa yenye zebaki ndani hutoa nuru iyo hiyo. Ikipitishwa katika hewa ya chumba, upungufu wake upande wa pili hutuambia ni atomi ngapi zilizokuwapo njiani. Lakini moshi halisi nao huzuia nuru. Kwa sababu hiyo vyombo vingine huiweka taa kati ya sumaku, nuru ikagawanyika: sehemu moja humezwa na zebaki, nyingine hupita, na moshi huzipunguza zote sawasawa. Tofauti baina yao ndiyo zebaki. Ustadi huu wahitajiwa, kwani Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 1 katika mita moja ya ujazo, hali hewa ya nyuzi 20 iliyoshiba mvuke huu huchukua zaidi ya mara 10,000 ya hiyo.

Sasa tuukaribie ukuta. Mwaka 1909 R. W. Wood wa Marekani alichunguza nuru inayorudishwa pale mvuke wa zebaki unapogusana na dirisha la chombo chake. Leza ilipopatikana mwaka 1960, uchunguzi wa namna hiyo ulipata nguvu mpya. Watafiti wa Ufaransa na Armenia wamefungia mvuke mwepesi wa sesiamu na rubidiamu ndani ya visanduku vya kioo vyembamba kuliko wimbi la nuru yenyewe, wakaona kwamba atomi iliyo karibu na kioo haichagui tena nuru ile ile kamili: uso wa kioo waivuta, na nuru yake husogea kidogo. Umbali ukipungua kwa nusu, badiliko hilo huwa kubwa mara nane.

Mvuto wa jinsi hii huzishika pia atomi za zebaki kwenye lipu au bati la duka, lakini kwa ulegevu. Joto likipanda huziachia. Kwenye dhahabu mambo ni mengine, kwani zebaki huingia ndani yake. Ndiyo maana mpimaji huweza kupitisha hewa juu ya dhahabu, kisha akaipasha moto, na zebaki yote iliyokusanywa ikatoka kwa mara moja ihesabiwe kwa nuru. Tabia ile ile impayo mchimbaji riziki yake ndiyo imnasayo mkosaji!

Kwa hiyo kupima duka asubuhi ya baridi, milango ikiwa wazi na jiko limezimwa, ni kupima nusu ya jambo. Kwa nyuzi 30 zebaki iliyobaki huweza kutoa mvuke zaidi ya maradufu ya ule wa nyuzi 20, na karani aketiye humo mchana, siku ambayo hakuna aliyechoma kitu, huvuta zebaki ya juzi kutoka ukutani. Chombo kilichofunikwa, chenye bomba la kuupoza mvuke urudi kuwa maji, huizuia isifike huko tangu mwanzo.