Binti wa Miaka 15 na Ng'ombe wa Mahari

Ndugu msomaji, tuseme ni jioni ya mwezi wa Agosti. Pamba imekwisha kuuzwa. Umekaa nje ya nyumba yako, huko Magu, au Sengerema, au kisiwani Ukerewe, ukipumzika baada ya kazi. Mara waja wazee watatu. Unawapa viti, mama analeta maji. Mnaulizana habari za mvua, za mifugo, za watoto. Halafu mmoja akohoa kidogo na kusema: "Mzee, tumepita hapa kwako tukaona ua zuri. Sisi kwetu tunaye kijana."

Wewe wajua ua hilo ni nani. Alimaliza Darasa la Saba mwaka jana. Ana miaka 15. Wakati huu yuko jikoni anapepeta mchele, na wimbo wa kwaya u mdomoni mwake. Wazee wataja ng'ombe 12. Nawe waanza kuhesabu moyoni: kaka yake ataka kuoa, na zizi ni tupu. Mwaka huu mahindi yalikauka. Huyu binti, akienda, ni mdomo mmoja uliopungua sahanini.

Na sheria je, yasemaje? Hapo ndipo nataka tuketi pamoja, mimi nawe, tulitazame jambo hili bila haraka.

SHERIA YA 1971

Mwaka 1969 Serikali ilitoa waraka wa kupendekeza sheria moja ya ndoa kwa watu wote. Wakati huo Mkristu alikuwa na taratibu zake, Mwislamu zake, na kila kabila desturi zake. Bunge likatunga Sheria ya Ndoa ya 1971. Tuseme kweli: kwa wakati wake sheria ile ilikuwa na mema mengi. Ilidai kila ndoa iwe kwa hiari ya wote wawili. Ilisema wazi kwamba hakuna mume mwenye haki ya kumpiga mkewe, wala mke kumpiga mumewe. Ilimpa mke haki ya kuwa na mali yake mwenyewe. Nchi nyingi za Afrika hazikuwa zimefika hapo.

Lakini ndani ya sheria hiyo hiyo kuliwekwa vifungu viwili, cha 13 na cha 17. Cha 13 kilisema mwanamume asioe kabla ya kutimiza miaka 18, lakini mwanamke aweza kuolewa akiwa na miaka 15. Mahakama yaweza hata kumruhusu aliye na miaka 14, ikiona ipo sababu. Cha 17 kikaongeza kwamba msichana ambaye hajatimiza miaka 18 aolewe kwa idhini ya baba yake. Kama baba amefariki, basi mama, au mlezi.

Waona jambo lilivyo? Hawakusema baba amwoze binti yake. Walisema tu kwamba baba aweza. Wakachukua ufunguo wa maisha ya mtoto, wakautia mkononi mwa mzazi, tena mzazi huyo pengine ana njaa, ana deni, na wazee watatu wamekaa uani kwake.

Miaka ikapita na sheria nyingine zikatungwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 ikasema kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ikasema anayelala na msichana chini ya miaka 18 amebaka, hata kama msichana alikubali. Ila kama ni mkewe, naye ametimiza miaka 15, si kosa. Yaani tendo moja, mtoto mmoja, mtaa mmoja: bila mahari mtu aenda gerezani, kwa mahari ala pilau. Msichana asiyeweza kumpigia kura mwenyekiti wa kijiji chake, kwa kuwa bado ni mtoto, aliweza kuwa mke wa mtu na mama wa watoto.

WALIOBISHA HODI MAHAKAMANI

Mtanzania mmoja, Bi. Rebeca Gyumi, alichoka na jambo hili. Yeye ndiye mwanzilishi wa Msichana Initiative, shirika linalotetea elimu ya wasichana. Akaipeleka Serikali mahakamani, akisema vifungu hivyo viwili vyapingana na Katiba, kwa sababu Katiba yasema watu wote ni sawa. Kwa nini mvulana angojewe mpaka miaka 18, na dada yake asingojewe?

Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ikampa haki. Ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha sheria, umri uwe miaka 18 kwa wote. Badala ya kurekebisha, Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa. Hoja zake wengi wetu twazijua, maana ndizo zisemwazo hata vilabuni. Moja, kwamba sheria ile iliheshimu mila na dini za watu. Ya pili, kwamba ndoa humkinga msichana aliyepata mimba, asizae nje ya ndoa.

Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani, iliyo mahakama ya juu kuliko zote nchini, ikaitupa rufaa hiyo. Hukumu ya kwanza ikasimama, na Serikali ikaambiwa tena irekebishe sheria. Mwaka mmoja ukaisha. Ukaja wa pili. Ukaja wa tatu. Vifungu vile vikawa vimekaa kitabuni kama vilivyokaa tangu 1971.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo watu wengi walipovunjika moyo, na kwa haki. Binti aliyekuwa na miaka 12 siku ya hukumu ya 2016 alitimiza miaka 15 mwaka ule wa rufaa, 2019. Wakubwa walipokuwa wakiandikiana barua, yeye alikuwa akikua. Mtoto hangoji kikao cha Bunge.

YANAYOTUKUTA KANDO YA ZIWA

Kweli, mwaka 2016 Bunge lilirekebisha Sheria ya Elimu. Mtu akimwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari, au akimpa mimba, aweza kufungwa miaka 30. Hilo ni jema. Lakini tazama mwanya uliobaki. Binti akimaliza Darasa la Saba ana miaka 13 au 14. Akifaulu na kwenda sekondari, ni mwanafunzi, ukuta umemzunguka. Akishindwa, si mwanafunzi tena, na ukuta umeanguka. Ndiyo sababu twasikia habari za aibu, kwamba wako wazazi wanaomnong'onezea binti yao kabla ya mtihani: "Usijibu vizuri." Mtoto afelishwa na baba yake mwenyewe ili zizi lijae!

Na huko aendako kuna nini? Kambi za wavuvi zina fedha usiku wa dagaa wengi, na zina njaa mwezi ukiwa mkali. Mvuvi hufuata samaki. Leo yuko Kome, kesho yuko Ukara, na mke mdogo kabaki na mtoto mgongoni. Kwa wafugaji mambo hayapungui. Binti apewa jembe, ndoo, na mama mkwe. Akidhulumiwa arudi kwao? Ng'ombe wamekwisha kutolewa kwa ajili ya kaka yake. Nani atawarudisha?

Kisha yaja mimba. Akina mama mnajua zaidi kuliko mimi mwandishi. Nyonga za msichana mdogo hazijakomaa. Uchungu hushika siku moja, siku mbili, mtoto hapiti. Wataalamu wa afya wamesema mara nyingi kwamba matatizo ya mimba na uzazi ni kati ya mambo yanayoua zaidi wasichana wa miaka 15 hadi 19 duniani. Na aliyepona pengine hupata fistula: kichwa cha mtoto kikigandamiza muda mrefu, nyama huoza, tundu hubaki kati ya kibofu na njia ya uzazi, na mkojo hutoka mchana na usiku bila kuzuilika. Mara nyingi mtoto mwenyewe huwa amekufa. Mume humfukuza, jirani hukunja pua, na hata kanisani hukaa nyuma karibu na mlango.

Kama yupo wa namna hiyo kijijini kwako, mwambie leo: ugonjwa huo si laana, wala si uchawi. Hutibika kwa upasuaji. Hospitali ya Bugando pale Mwanza, iliyo mali ya Kanisa letu, imewatibu wengi, nao wamerudi makwao wakiwa wakavu na wenye furaha.

NA SISI WAKRISTU?

Ni rahisi kuilaumu Serikali. Lakini tusijifiche nyuma ya mlango. Sheria ya Kanisa yenyewe, katika kanuni ya 1083, yaweka umri wa chini kabisa wa ndoa kuwa miaka 16 kwa mwanamume na 14 kwa mwanamke. Akina baba wengine wameikamata hiyo kama fimbo: "Hata Padre asema 14!"

Hapana, baba. Soma yote. Kanuni ya 1072 yawaagiza wachungaji wawazuie vijana wasifunge ndoa kabla ya umri ambao watu wa nchi hiyo huoana kwa kawaida. Kanuni ya 1103 yasema ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa woga mkubwa si ndoa. Mbele ya altare Padre hamwulizi baba kama ng'ombe wametosha. Amwuliza binti, na kijana vilevile: mmekuja kwa hiari yenu, bila kushurutishwa? Je, mtoto wa miaka 15 aliyeamshwa alfajiri na kuambiwa avae nguo mpya, aweza kujibu swali hilo? Anamwogopa baba yake kuliko kitu chochote duniani. "Ndiyo" ya mtoto huyo ni ya nani, yake au yako?

Mahari siisemi vibaya. Mahari ya wazee wetu haikuwa bei. Ilikuwa neno la heshima kati ya koo mbili, na shahidi kwamba binti huyu ana watu nyuma yake. Lakini tukianza kumwoza mtoto kwa sababu debe la mahindi limepanda bei, basi tumekwisha kuigeuza heshima kuwa mnada.

Na ile hoja ya kumkinga aliyepata mimba? Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, na kanuni za elimu za 2002 ziliruhusu hata aliyeolewa afukuzwe. Mtoto akapata adhabu mbili, na mwanamume mara nyingi hakupata hata moja. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana waliojifungua waweza kurudi darasani. Basi kinga bora kuliko harusi ya haraka sasa ipo. Binti aliyeanguka mpeleke kuungama, mlee pamoja na mtoto wake, kisha mrudishe shule. Usimtupe mikononi mwa yule yule aliyemharibia.

WEWE UFANYE NINI?

Kwanza, tafuta cheti chake cha ubatizo. Tarehe ya kuzaliwa imeandikwa pale, na daftari la parokia halidanganywi na mjumbe wa harusi. Katekista akiulizwa umri wa binti, afungue daftari, asitazame kimo cha mtoto.

Pili, jambo hili lizungumzwe katika Jumuiya ndogo ndogo, mapema, kabla wazee hawajafika uani. Akina mama wa WAWATA mna masikio. Mkisikia mahari yahesabiwa kwa ajili ya mtoto, msingoje matangazo ya ndoa ya Dominika. Nendeni kwa baba yake jioni ile ile, kwa upole.

Tatu, akikataa kusikia, yupo afisa ustawi wa jamii wilayani, lipo dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, na ipo namba 116 ya kumsaidia mtoto, ambayo hata mtoto mwenyewe aweza kuipiga.

Nne, elimu. Tangu 2016 ada ya sekondari za Serikali hadi Kidato cha Nne iliondolewa. Najua sare, daftari na mwendo mrefu bado ni mzigo. Lakini mzigo huo ni wa miaka minne. Wa fistula waweza kuwa wa maisha.

Tano, mbunge wako akija kuomba kura, mwulize kwa adabu: "Mheshimiwa, lile neno la Mahakama ya Rufani la 2019, wewe ulisimama upande gani?" Akijibu, mwandike. Asipojibu, mwandike pia.

Sasa turudi uani kwako. Wazee watatu bado wameketi, wangoja neno. Sheria ya 1971 haikukushika mkono wako. Mahakama mbili zimesema, lakini mahakimu hawapo hapa jioni hii. Uko wewe, mkeo, na mtoto anayepepeta mchele, ambaye ameacha kuimba, kwa kuwa amesikia.

Wajibu hivi: "Wazee wangu, karibuni chakula, mle mshibe. Lakini huyu bado ni mtoto. Acheni akue, asome. Akifika umri wa mtu mzima mrudi, na siku hiyo mtamwuliza yeye mwenyewe, si mimi."

Usiku huo zizi lako litabaki tupu, ndugu yangu. Hata hivyo utalala usingizi.