Mgeni siku mbili: jinsi ya kufukuza programu usizozitaka kwenye kompyuta ya nyumbani

Juzi baada ya Isha jirani yangu alinibishia hodi, laptopu kwapani. Skrini ilikuwa nyekundu, king'ora chalia, na maandishi yanamwambia kompyuta yake imejaa virusi, apige nambari fulani alipe isafishwe. Simu alikuwa nayo mkononi tayari. Ndani ya laptopu ile mna picha za harusi ya bintiye na nywila ya benki.

Ndugu msomaji, onyo lile ni la uongo. Maonyo ya kweli ya Microsoft hayaweki nambari ya simu. Anayekwambia piga ulipe ndiye mwizi mwenyewe. Ukiona hivyo, usibonyeze kitu ndani ya tangazo lile. Zima intaneti, kisha ufunge kivinjari. Kikikataa, zima kompyuta.

Programu hizi huingiaje? Mara nyingi twazikaribisha wenyewe. Mtoto anatafuta gemu ya bure, anabonyeza kitufe cha kupakua kisicho chenyewe. Au wapakua programu moja, ukaharakisha kukubali kila kurasa, kumbe imebeba wenzake watatu mgongoni. Nyingine huja na programu za wizi tunazopewa kwa flashi. Baadhi huleta matangazo tu na kuifanya mashine kuwa nzito; nyingine husoma nywila ulizohifadhi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kompyuta ya Windows, fanya hivi.

Kwanza, nakili picha na hati zako kwenye diski ya nje. Usinakili programu.

Pili, fungua Settings, kisha Apps, utazame orodha ya programu zilizosakinishwa. Ipange kwa tarehe. Zilizoingia siku matatizo yalipoanza, na huzijui, ziondoe. Yenye jina la Microsoft, Intel au Realtek usiiguse kwa kubahatisha. Huenda ndiyo inayoendesha sauti au skrini.

Tatu, safisha kivinjari. Kwenye Chrome, bonyeza vidoti vitatu pembeni juu, ufute viendelezi usivyovijua. Kisha angalia ni tovuti gani umeziruhusu kukutumia arifa. Maonyo mengi ya virusi hutokea hapo, na ukiondoa ruhusa hunyamaza. Ikishindikana, rudisha mipangilio ya mwanzo. Alamisho na nywila ulizohifadhi hazifutiki.

Nne, kagua mashine yote. Windows 10 na 11 zina Microsoft Defender ndani yake, bila malipo. Fungua Windows Security, uchague ukaguzi kamili. Ukimaliza, fanya na ule wa nje ya mtandao: kompyuta hujizima na kuwaka, ikajikagua kabla Windows haijaamka, kwa dakika 15 hivi. Mgeni aliyejificha hushikwa hapo.

Tano, badilisha nywila za barua pepe na benki, ukitumia kifaa kingine kilicho safi. Ukizibadilisha kwenye mashine iliyoambukizwa, wamkabidhi mwizi ufunguo mpya.

Tatizo likirudi baada ya yote haya, sakinisha Windows upya au mpelekee fundi unayemwamini, ukiwa na nakala ya hati zako mkononi.

Kinga nayo ni rahisi. Watoto wafungulie akaunti yao isiyo na mamlaka ya kusakinisha programu. Na kama bado watumia Windows 10, jua kwamba Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo mashine isiyoandikishwa kwa nyongeza ya muda haipokei viraka vya usalama.

Kwa jirani, tulikuta ruhusa ya arifa moja na viendelezi viwili. Nusu saa ilitosha, na hakulipa hata shilingi.