MISINGI YA MTANDAO WA KOMPYUTA: NINI MAANA YA KAULI "MTANDAO HAUPO"?

Katika ofisi nyingi zinazotoa huduma kwa wananchi, kauli ya "mtandao haupo" imekuwa jambo la kawaida. Mkaazi wa Makunduchi aliyetoa nauli hadi mjini kufuata cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake, mstaafu anayefuatilia haki yake, na mfanyabiashara anayetaka kulipa kodi, kila mmoja wao huweza kuambiwa maneno hayo mawili na kutakiwa arudi siku nyengine. Maneno hayo huchukuliwa kuwa ni jibu kamili, kana kwamba mtandao ni mvua inayonyesha au kukatika kwa kudra, na hapana wa kuulizwa.

Ukweli ni kwamba mtandao ni kazi ya mikono ya watu. Una sehemu zake zinazojulikana, na kila sehemu huharibika kwa namna yake. Hayo ndiyo yanayofundishwa katika kozi ya misingi ya mitandao ya kompyuta, ambayo ni miongoni mwa masomo ya mwanzo kwa wanafunzi wa fani ya kompyuta katika vyuo vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoanzishwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999. Makala hii inaeleza misingi hiyo kwa ufupi, ili mtumishi asiyekuwa fundi na mwananchi anayehudumiwa wapate kufahamu kinachozungumzwa.

Kutoka waya hadi pakiti

Zanzibar si mgeni wa mawasiliano ya mbali. Mwaka 1879 Unguja iliunganishwa na Aden kwa upande wa kaskazini, na Msumbiji hadi Durban kwa upande wa kusini, kwa waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari. Baadaye ikaja simu ya mdomo. Katika simu ya zamani, watu wawili wakizungumza, njia yote baina yao hushikwa kwa ajili yao tu. Hata wakinyamaza, hapana mwengine awezaye kuitumia.

Katika miaka ya 1960 wataalamu wawili, Paul Baran wa Marekani na Donald Davies wa Uingereza, kila mmoja kwa upande wake, walifikia rai nyengine: ujumbe ukatwe vipande vidogo vidogo, kila kipande kiandikwe anwani ya kinakokwenda, kisha vyote viachiwe vipite katika njia zinazotumiwa na watu wote. Vipande hivyo huitwa pakiti. Tarehe 29 Oktoba, 1969, kompyuta ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ilituma ujumbe wa kwanza kwa kompyuta ya Taasisi ya Utafiti ya Stanford, umbali wa zaidi ya kilomita 500. Neno lililokusudiwa lilikuwa na herufi tano. Zilifika herufi mbili tu, na mtambo ukaanguka. Baada ya kiasi cha saa moja jaribio lilirejewa na likafaulu.

Hadi leo kazi hufanyika kwa asili hiyo hiyo. Katika mtandao wa kawaida wa ofisini, pakiti moja hubeba mzigo usiozidi baiti 1,500. Picha ya cheti yenye baiti 300,000 hukatwa pakiti zaidi ya 200, na hurejeshwa kuwa picha moja pale inapofika.

Mfano wa masjala

Mwanafunzi wa kozi hii huelezwa mapema kwamba mtandao si waya. Waya ni njia tu. Mtandao hasa ni makubaliano, yaani kanuni ambazo pande zote mbili zimeridhia kuzifuata, na kanuni hizo huitwa itifaki. Mtumishi wa Serikali hahitaji kwenda mbali kulifahamu jambo hili, kwani amelizoea katika masjala.

Ofisa anapoandika barua, hushughulika na maneno yake tu. Karani wa masjala huipa barua kumbukumbu namba, huitia katika bahasha na kuiandika katika daftari la kupelekea barua. Tarishi huichukua bila ya kujua kilichomo ndani. Dereva au nahodha wa boti huvusha mfuko mzima bila ya kujua hata barua hiyo ni ya nani. Kila mmoja hufanya sehemu yake, hupokea kutoka kwa aliye juu yake na humkabidhi aliye chini yake. Boti ikibadilishwa, ofisa habadilishi namna ya kuandika barua.

Mtandao nao umepangwa hivyo hivyo, kwa matabaka. Mwaka 1984 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa mfano wa matabaka saba ambao hadi leo hutumika katika kufundishia. Kwa ufupi, tabaka la chini kabisa ni la waya, uzi wa kioo au mawimbi ya hewani. Juu yake ni lile linalounganisha vyombo vilivyo katika jengo moja. Hufuata tabaka la anwani na njia. Kisha tabaka linalohakikisha kuwa mzigo umefika. Na juu kabisa ni programu anayoiona mtumiaji. Faida ya mpango huu ni kuwa kosa la tabaka moja huweza kutafutwa bila ya kuvuruga mengine.

Anwani na jina

Kila chombo kinachotumia intaneti huhitaji anwani ya namba. Mfumo wa anwani uliozoeleka, ambao ulianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari, 1983, una nafasi za anwani 4,294,967,296. Idadi hiyo ilionekana kubwa mno wakati huo, lakini mwezi Februari 2011 mafungu ya mwisho yaliyokuwa katika hazina kuu ya dunia yaligawiwa mabara. Kwa sababu hiyo umetungwa mfumo mpya wenye anwani ndefu zaidi, na mifumo miwili hiyo hutumika sambamba.

Kwa kuwa binadamu hukumbuka majina kuliko namba, mwaka 1983 ulibuniwa utaratibu wa majina, ambao ni mfano wa faharasa ya masjala: mtumiaji huandika jina, na faharasa humtafutia namba. Majina ya taasisi za Serikali nchini Tanzania huishia na go.tz. Inafaa kila mwananchi aangalie mwisho huo kabla ya kujaza taarifa zake au kulipa fedha, kwani wadanganyifu huweza kuunda ukurasa unaofanana kwa sura lakini si kwa jina.

Uhakika wa kufika na msongamano

Pakiti huweza kupotea njiani, au ya nyuma ikatangulia ya mbele. Itifaki iitwayo TCP, ambayo msingi wake uliandikwa na Vinton Cerf na Robert Kahn mwaka 1974, hufanya kazi ya daftari la kupelekea barua: kila mzigo hupewa namba, mpokeaji hujibu kuwa umemfikia, na lisipokuja jibu mtumaji hurejea kuutuma.

Utaratibu huo mzuri uliwahi kuleta balaa. Mwezi Oktoba 1986, baina ya sehemu mbili za Berkeley, Marekani, zilizokaribiana kwa mita zisizofika 400, kasi ya mawasiliano ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Hapana waya uliokatika. Njia ilijaa, pakiti zikapotea, kila kompyuta ikarejea kutuma kwa pupa, na msongamano ukazidi. Dawa iliyopatikana, iliyoelezwa na Van Jacobson mwaka 1988, ni kuzitaka kompyuta zipunguze kasi kila zinapoona dalili ya foleni. Kwa hivyo mtandao unaokwenda polepole si lazima uwe mbovu, huenda umelemewa. Ofisi ambayo watumishi wake wanapakua filamu saa za kazi hujinyima wenyewe njia ya kumhudumia mwananchi.

Njia moja na njia mbili

Chombo kinachochagua njia ya pakiti huitwa ruta. Hutazama anwani, hulinganisha na orodha yake ya njia, na hupeleka pakiti hatua moja mbele. Njia moja ikifa, ruta huweza kuchukua nyengine, iwapo ipo.

Wakaazi wa Unguja wanaifahamu thamani ya sharti hilo. Mwezi Mei 2008 kisiwa kilikosa umeme kwa takriban mwezi mmoja, na kuanzia Disemba 2009 kwa takriban miezi mitatu, kwa kuwa njia ya umeme kutoka Tanzania Bara ilikuwa ni ile ile moja iliyopita chini ya bahari. Ule ulikuwa mtandao wa umeme na si wa kompyuta, lakini kanuni ni moja: penye njia moja, kuharibika kwa njia ni kuharibika kwa yote.

Hata njia mbili hazitoshi ikiwa zimelazwa pamoja. Tarehe 12 Mei, 2024, mikonga miwili ya baharini inayohudumia Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, ilikatika kwa wakati mmoja upande wa kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi kwa siku kadhaa. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Katika mtandao mambo ni kinyume chake, bali kwa sharti kwamba njia hizo mbili zisipite mahali pamoja.

Kuichambua kauli

Aliyefahamu hayo ataona kwamba "mtandao haupo" ni kauli moja yenye maana nyingi. Kabla ya kuitamka, mtumishi anaweza kujiuliza yafuatayo kwa utaratibu, kuanzia tabaka la chini kwenda la juu:

(a) Je, waya umechomekwa na chombo kina umeme? Taa ndogo iliyo pembeni mwa tundu la waya ikizimika, kosa huenda limo chumbani humo humo.

(b) Je, kompyuta ya jirani inafanya kazi? Ikiwa inafanya, kosa ni la kompyuta moja na si la ofisi. Mwananchi ahamishiwe meza hiyo.

(c) Je, ofisi nzima imekosa, au hata majengo mengine? Ikiwa ni ofisi nzima, aarifiwe msimamizi wa mitambo, na saa ya kukatika iandikwe.

(d) Je, kurasa nyengine zinafunguka ila ule mfumo wa kazi tu? Basi mtandao upo. Kilichosimama ni kompyuta kuu inayotunza mfumo, au faharasa ya majina.

(e) Je, kila kitu kinafunguka lakini kwa kuchelewa? Huo ni msongamano, na huenda kazi ikawezekana kwa subira au kwa kupunguza matumizi mengine.

Ukaguzi huu hauchukui zaidi ya dakika chache, wala hauhitaji shahada. Tafauti yake ni kubwa: katika hali ya (a) na (b) mwananchi huhudumiwa papo hapo, ilhali bila ya ukaguzi angerejeshwa nyumbani.

Siri ya mtu ni amana

Jambo la mwisho linalosisitizwa katika kozi ni usalama. Pakiti hupita katika vyombo vya watu wengi, na asili yake ni kama barua isiyotiwa bahasha. Kwa hiyo taarifa za watu hufumbwa kwa hesabu maalumu, ili anayezinasa njiani asipate cha kusoma. Alama ya kufuli inayoonekana juu ya ukurasa ni dalili kwamba mazungumzo yamefumbwa, ingawa si ushahidi kuwa mwenye ukurasa ni mwaminifu. Aidha, ufumbaji wote huo hauna maana iwapo neno la siri la mtumishi limebandikwa ukutani au limeazimwa kwa mwenzake. Jalada la mgonjwa au la mstaafu likiwa katika kompyuta lina heshima ile ile lililokuwa nayo katika kabati la masjala.

Wito

Watumishi wa umma wanashauriwa wasiiachie elimu hii mafundi peke yao, na wakuu wa ofisi wanaombwa wahakikishe kwamba kila dirisha la huduma lina angalau mtu mmoja anayeweza kufanya ukaguzi uliotajwa hapo juu. Pale kosa linapokuwa kubwa kweli, mwananchi apokelewe fomu yake kwa maandishi, aelezwe ni sehemu gani iliyoharibika na lini inatarajiwa kutengemaa, ili safari yake isiwe ya bure.

Kwa upande wao, wananchi wana haki ya kuuliza kwa adabu: mtandao haupo katika kompyuta hii, katika ofisi hii, au nchi nzima? Suala hilo fupi likipata jibu la kweli, huduma itakuwa imeanza.