Mchonga Mawe wa Tabaka na Shamba Lake

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mpenzi msomaji, huenda nyumbani kwenu kuna kibakuli cheupe cha mawe, au kiboko mdogo wa rangi ya waridi aliyewekwa juu ya kabati. Je, umewahi kujiuliza aliyeviunda ni nani, na anaishi vipi?

Basi fuatana nami hadi Tabaka, katika Kaunti ya Kisii. Huko ndiko yanakochimbwa mawe ya sabuni. Yameitwa hivyo kwa kuwa yanateleza mkononi kama sabuni. Ndani yake mna talki, madini yale yale yanayosagwa kutengenezea poda ya kujipaka. Talki ni laini mno, hata ukucha unaweza kuikwaruza. Ndiyo sababu fundi wa Tabaka huchonga jiwe kwa panga, kana kwamba anachonga mpini wa jembe!

Lakini usidhani kazi ni rahisi. Si mchezo! Kwanza udongo wa juu huondolewa, kisha wachimbaji hushuka shimoni na sururu na mitaimbo. Jiwe likishapatikana, fundi huligeuzageuza akitafuta nyufa, maana ufa mmoja waweza kuharibu kazi ya siku nzima. Hulikata umbo kwa panga, halafu hushika kisu na tupa kwa sehemu ndogo kama macho na masikio. Baada ya hapo sanamu huingizwa majini na kusuguliwa kwa msasa hadi iwe nyororo. Kazi hii ya kusugua na kung'arisha hufanywa zaidi na akina mama. Mwisho hupakwa nta, na hapo ndipo rangi ya jiwe hujitokeza: nyeupe, kijivu, manjano au waridi.

Sasa, utamu wenyewe uko hapa. Mchongaji wa Tabaka, mara nyingi, ni mkulima pia. Hana haja ya karakana ya kuta nne. Huketi nje, chini ya mti wa boma lake, huku migomba ikipunga majani na chinsaga ikichipua karibu na jikoni. Kisii hupata mvua karibu mwaka mzima, hivyo macho yake hayakosi kijani kibichi. Akichoka kuchonga, hunyoosha mgongo, akapalilia mistari miwili mitatu, kisha akarudi kwenye jiwe lake. Wanunuzi wakiadimika, ni shamba hilo hilo linalomlisha.

Isitoshe, maumbile humfunza. Ni kweli kwamba wanunuzi wengi hutaka ndovu na twiga, wanyama ambao huwezi kuwakuta kwenye migomba ya Kisii. Lakini ndege anawaona kila asubuhi. Elkana Ong'esa, mchongaji mashuhuri aliyetoka Tabaka na ambaye alikuwa pia mwalimu, alichonga Ndege wa Amani, sanamu ambayo imewekwa katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Kumbe ndege wa vilima vyetu anaweza kuruka hadi Ufaransa bila mabawa ya kweli!

Hata hivyo, ndugu msomaji, kila chenye faida kina gharama yake. Vumbi la mawe likivutwa miaka na mikaka hudhuru mapafu. Kuketi nje penye upepo husaidia, na kulowesha jiwe husaidia zaidi, lakini fundi mwenye busara hufunika pua na mdomo pia. Machimbo nayo yanaweza kuporomoka na kuua, hasa wakati wa mvua.

Tena kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau. Jiwe liko chini ya shamba lile lile linalootesha mahindi. Mahindi ukiyavuna, utapanda tena msimu ujao. Jiwe ukilitoa, halioti. Linabaki shimo, na ardhi ya Kisii ni haba. Kwa hiyo mchongaji akichimba bila kufukia, anajilia mbegu mwenyewe. Shimo linapaswa kujazwa vifusi, kurudishiwa udongo wa juu na kupandwa miti, ili mjukuu wake naye apate kivuli cha kuketi na ndizi ya kula.

Shime wanafunzi wenzangu! Siku utakapokwenda sokoni kununua sanamu, usiipige bei hadi ikawa ya bure eti kwa sababu ni jiwe tu. Kumbuka aliyeshuka shimoni, mama aliyesugua mikono ikiwa majini, na kipande cha shamba kilichotolewa ili wewe upate kiboko wa kuweka juu ya kabati. Mgalla muue, na haki yake umpe.