Mchanga Laini Huwalinda Kambare wa Tangini

Tangi la kioo lenye samaki wa rangi si jambo geni tena katika sebule, vinyozi na kliniki za Umoja, Buruburu, Donholm na Kayole. Anayefuga samaki mchanganyiko mara nyingi huongeza kambare wadogo wa Amerika Kusini, Corydoras, ambao huishi chini ya tangi. Kambare hao wakianza kupoteza sharubu na kukataa chakula, wengi hukimbilia dawa. Jambo la kwanza la kukagua ni kile kilichotandazwa chini.

Kazi ya sharubu

Corydoras hutafuta chakula kwa sharubu. Huingiza mdomo mchangani, huchota kidogo, hubakisha chakula na kuutoa mchanga kupitia matamvua. Kokoto zenye ncha humkwaruza, na changarawe kubwa hawezi kuichota. Chakula nacho hudondoka katikati ya mawe, huoza na kutoa amonia. Sharubu zilizojeruhiwa zikikutana na uchafu huo huoza, na samaki hushindwa kula.

Mchanga upi unafaa?

Mchanga wa mto unaouzwa kwa ujenzi unafaa ukichekechwa, zibaki chembe zisizozidi milimita 1 ambazo hazichomi mkononi. Vumbi la machimbo ya mawe liepukwe kwa kuwa chembe zake ni kali. Mchanga wa pwani na makombe navyo haviwafai samaki hawa, kwa sababu chokaa yake huyeyuka na kuongeza ugumu wa maji. Njia rahisi ya kupima ni kudondoshea mchanga mkavu siki: ukitoa povu, una chokaa.

Kina cha sentimita 4 kinatosha. Kwa tangi lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 30, hiyo ni lita 7 hivi za mchanga, takriban kilo 11. Kina kikizidi sana, uchafu huvunda chini kwa kukosa hewa.

Kuosha wakati wa mgao wa maji

Mchanga mpya uoshwe kidogo kidogo kwenye ndoo, bila sabuni, hadi maji yawe maangavu. Maji ya kuoshea yaachwe tope lizame, kisha yatumike chooni. Mchanga usimwagwe kwenye sinki, kwani huziba mabomba ya majitaka ya ploti nzima.

Mchanga ambao tayari umo tangini usuuzwe kwa maji ya tangi lenyewe. Klorini iliyo katika maji ya bomba huua bakteria wanaovunja amonia. Maji mapya ya bomba yatiwe dawa ya kuondoa klorini kabla ya kumiminwa tangini.

Tahadhari mbili

Kambare wa kienyeji anayefugwa kwa chakula hafai katika tangi la mchanganyiko: hukua hata kupita mita 1 na huwameza wenzake. Aidha, samaki wa kigeni asiyetakiwa asitupwe katika Mto Nairobi wala Mto Ngong. Apewe mfugaji mwingine au arudishwe dukani. Baadhi ya kambare wa mapambo wa Amerika Kusini walioachiliwa ovyo huko Marekani na Asia wamezaana na kuchimba kingo za mito.