Mipaka ya Waraka katika Ajira za Serikali

Tuseme yuko Bombambili, hapa Songea, dereva aliyeajiriwa na halmashauri mwaka 2001 kwa cheti cha darasa la saba, akaendesha magari ya umma miaka mingi bila doa, kisha asubuhi moja akaamriwa akabidhi funguo kwa kuwa hana cheti cha kidato cha nne. Huyo, kabla ya kulaumu majaliwa, ana haki ya kuuliza amri hiyo imetoka wapi na ilianza lini.

Habari hii si ngano. Waraka wa serikali uliwawekea waajiriwa wapya sharti la kidato cha nne kuanzia tarehe 20 Mei 2004. Walakini uhakiki wa vyeti vya watumishi wa zama za Rais Magufuli uliwakumba hata waliotangulia tarehe hiyo, mpaka Aprili 2018 Waziri George Mkuchika alipotangaza bungeni kwamba warejeshwe kazini. Kwa rai yangu hawakufanyiwa hisani, maana sharti la wajao halirudi nyuma kumvua mtu ajira aliyoipata kwa taratibu za wakati wake.

Ibara ya 36 ya Katiba ya 1977 yampa Rais uwezo mpana wa kuanzisha na kufuta nafasi za madaraka, ila kwa kufuata Katiba na sheria, na ajira za watumishi wa kawaida yaziweka mikononi mwa tume na mamlaka nyinginezo, ambazo taratibu zake zimo katika Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002. Chini ya sheria ziko kanuni, na kanuni ikipingana na sheria iliyoizaa ni batili kwa kadiri ya mgongano huo, seuze waraka!

Hata amri ya Rais mwenyewe hupimwa hivyo: huko Kenya, Rais Ruto aliteua mawaziri wasaidizi 50, ilhali nafasi zilizopendekezwa mwanzoni zilikuwa 23. Tarehe 3 Julai 2023 Mahakama Kuu ikaubatilisha uteuzi huo.

Basi, msomaji, ihifadhi barua yako ya ajira. Ukiondolewa kazini, kata rufaa kwanza Tume ya Utumishi wa Umma. Na ikiwa bado waona amri yenyewe imevuka sheria, Mahakama Kuu iko hapa hapa Songea, na ruhusa ya kuomba mahakama iipitie amri hiyo huombwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi kutolewa.