Zimamoto akiwa nje ya zamu, anaruhusiwa kupiga picha nyumba yako iliyoungua?

Wadau, leo tuongelee kitu ambacho mtaani tunakiona lakini hatukijadili.

Nyumba imeungua, moto umezimwa, gari la zimamoto limeshaondoka. Baada ya saa kadhaa anatokea jamaa kavaa jinzi na raba, simu mkononi. Anapiga picha mlango, dari, kitanda kilichobaki chuma kitupu, mpaka mama mwenye nyumba aliyekaa juu ya ndoo analia. Ukimuuliza anajibu, "Mimi ni zimamoto, ila leo sipo zamu." Basi, wote mnampisha.

Je, ni sawa? Kwa ninavyoelewa mimi, akiwa barabarani ni sawa na mpita njia yeyote. Akitaka kuingia ndani, aombe kwanza kama mgeni mwingine. Ngoja nieleze kwa nini.

KAZI YA HIZO PICHA
Picha baada ya moto si umbeya tu. Ushahidi wa moto unapotea haraka sana: maji yanausomba, watu wanahamisha vitu, mvua ikinyesha ndiyo basi. Mpelelezi anapiga nje pande zote nne, halafu anaingia chumba kwa chumba, kutoka palipoungua kidogo kwenda palipoungua sana. Anatafuta alama za moshi ukutani, nyaya zilizoyeyuka, swichi, jiko lilikuwa wapi. Picha hizo zinaweza kumsaidia mwenye nyumba kudai bima, au kumwokoa mpangaji anayesingiziwa kwamba kachoma nyumba makusudi.

Kwa hiyo siongelei ubaya wa kamera. Naongelea nani kampa huyo mtu ruhusa ya kuingia.

MOTO NDIO UNAOFUNGUA MLANGO
Kesi ninayoiona inaeleza hili vizuri ni ya Detroit, Marekani. Sheria yao si yetu, lakini hoja yake mtu yeyote anaielewa.

Oktoba 1980 nyumba moja iliungua alfajiri, wenyewe wakiwa safarini. Zimamoto walizima na kuondoka saa 1 asubuhi. Wapelelezi wa moto wakafika saa 7 mchana. Walikuta mafundi wanaziba madirisha kwa mbao, kazi iliyoagizwa kwa niaba ya wenye nyumba. Wakaingia bila hati ya mahakama. Chini ya ngazi walikuta chungu cha umeme kimeunganishwa na saa ya kukiwasha chenyewe. Hawakuishia hapo. Walipanda juu, wakafungua droo na makabati, na mpiga picha akaitwa apige nyumba nzima.

Wenye nyumba wakashtakiwa kwa kuchoma nyumba. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na Januari 1984 majaji waligawanyika 5 kwa 4. Karibu ushahidi wote wa ndani ulikataliwa. Kilichopona ni kopo la mafuta lililokuwa nje, ambalo wazima moto walishaliona wakiwa kazini.

Hoja yao ni kwamba kuzima moto hakuhitaji hodi, na baada ya kuzima wanaweza kubaki kwa muda unaofaa kutafuta chanzo. Wakishaondoka, nyumba inarudi kuwa ya mwenyewe, hata kama imeharibiwa na moto. Sasa kama hao waliokuwa kazini waliambiwa hivyo, huyu wetu wa jinzi na raba je?

PICHA IKISHATOKA KWENYE SIMU
Tarehe 26 Januari 2020 helikopta ilianguka Calabasas, California, ikaua watu 9, akiwemo Kobe Bryant na binti yake Gianna wa miaka 13. Baadhi ya maofisa wa polisi na zimamoto waliofika walipiga picha za miili, na zikahama simu hadi simu. Ofisa mmoja akiwa nje ya kazi alimwonyesha mhudumu wa baa.

Upande wa serikali ya eneo ulijitetea kwamba picha hazikuwahi kuwekwa mtandaoni. Haikusaidia. Agosti 2022 mahakama iliamua walipwe dola milioni 31, yaani milioni 16 kwa mjane wa Kobe na milioni 15 kwa baba mwingine aliyefiwa na mke na binti. Tangu 1 Januari 2021, sheria ya California inamtoza faini ya hadi dola 1,000 mwokoaji anayepiga picha ya marehemu eneo la tukio kwa sababu isiyo ya kikazi.

NA HAPA BONGO?
Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake na maskani yake. Pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake inayopokea malalamiko.

Kwa hiyo ukipatwa, Mungu apishe mbali:
1. Muulize anayepiga picha jina, kituo chake na nani kamtuma.
2. Kama hajatumwa na hutaki, mwambie atoke. Si utovu wa adabu.
3. Piga picha zako mwenyewe kabla hujasogeza kitu. Ila usiingie kama kuta au dari zinalegea.
4. Ukimruhusu, mwambie majeruhi na watoto wasitokee, na akupe nakala.

Na wewe kaka zimamoto unayesoma hapa, tunakuheshimu sana. Ukiona alama muhimu ukiwa nje ya zamu, mwambie mwenye nyumba na upigie kituo, aje aliyepangiwa kazi. Grupu la WhatsApp halipelelezi moto.

Aliyeunguliwa ameshapoteza godoro, vyeti na nguo za watoto. Aibu yake tumwachie mwenyewe aamue nani aione.

Mnasemaje wadau? Yupo aliyekutwa na hili? Funguka hapo chini.